Kwa swala wa mita mia na hamsini, magnum ya nini?

Mhariri,

Kila inapokaribia Julai, msimu wa uwindaji wa wenyeji ukiwa mlangoni, maswali yale yale huzunguka vijiweni Dodoma na Manyoni: ninunue bunduki gani, na hii niliyonayo inafaa? Siku hizi majibu mengi yanatoka kwenye video za Marekani. Huko mtu kalala juu ya kilima, anampiga paa mwenye pembe za matawi aliye ng'ambo ya bonde, mita 400, kisha anaisifia magnum yake, yaani bunduki ya risasi yenye nguvu na kasi kuliko za kawaida. Mtazamaji wa Chang'ombe ananakili jina la risasi ile na kesho yake yuko dukani anaiulizia. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kwamba kwa mnyama wetu, pori letu na umbali wetu, ushauri ule haufai, na hasara yake ni fedha, bega na nyama.

Tuanze na mnyama, maana bunduki huchaguliwa kwa mnyama na umbali, si kwa sifa za dukani. Swala pala dume ana kilo 50 hadi 65 hivi, jike ni mwepesi zaidi. Pongo ni wa kimo hicho au chini yake kidogo. Ngiri dume anaweza kufika kilo 100, tandala mdogo dume ni kama hizo hizo. Kongoni anapanda hadi 150 na zaidi, na tandala mkubwa dume yuko kati ya 200 na 300. Yule paa wa Marekani mwenye mkia mweupe, ambaye risasi nyingi za kuwindia zilitengenezwa akiwa ndiye kipimo, kwa kawaida ana kilo 60 hadi 130. Kwa hiyo risasi ya paa wa Marekani inamtosha swala wetu na chenji inabaki. Pofu namuweka pembeni, na nyati hayumo kabisa katika barua hii.

Halafu umbali. Anayelijua pori la Itigi anajua kwamba kuna mahali hata mita 40 huzioni. Miombo ya kuelekea Rungwa inakupa mita 80 hadi 150. Vichaka vya Chemba na Kondoa ni hivyo hivyo. Ukingo wa mbuga za Bahi ndipo unapoweza kumwona mnyama mita 250, na hapo mwindaji mwenye akili anasogea badala ya kufyatua. Umbali wa wastani ninaouzungumzia ni mita 80 hadi 200, na hesabu zote zifuatazo ni za umbali huo.

Nguvu kiasi gani inatosha? Wajerumani wameliandika jambo hili katika sheria yao ya uwindaji, nayo ni kipimo kizuri hata kwetu: kwa paa wao mdogo, risasi iwe bado na jouli 1,000 ikifika mita 100, kwa wanyama wakubwa zaidi wenye kwato, kipenyo kisipungue milimita 6.5 na nguvu isipungue jouli 2,000 kwa mita hizo 100. Sasa linganisha. Risasi ya .308 Winchester (namba ni takriban kipenyo kwa inchi) yenye kichwa, yaani kipande kinachoruka, cha greni 150, sawa na gramu 9.7, hutoka mtutuni kwa mita 860 hivi kwa sekunde. Ikifika mita 100 ina takriban jouli 2,900, na mita 200 bado ina takriban 2,300. Swala wa kilo 60 inamtosha na ziada. Kanuni zetu nazo zinaweka kipenyo cha chini kulingana na mnyama, na mahali pa kuuliza ni ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Uliza kabla hujanunua.

Kwa mtu anayetaka bunduki moja ya swala hadi tandala mkubwa, jibu langu ni .30-06 Springfield au .308 Winchester. Ya kwanza ni ya mwaka 1906, ya pili ya 1952, na zote hutumia kichwa cha kipenyo kile kile. .30-06 inabeba kichwa cha greni 180 kwa mita 820 hivi kwa sekunde, mzigo unaofaa zaidi ikiwa tandala mkubwa au kongoni yumo katika leseni yako. .308 ina ganda fupi, bunduki yake inaweza kuwa fupi na nyepesi kidogo, na teke lake ni dogo. Kwa swala huwezi kuzitofautisha kwa matokeo. Chagua ile ambayo duka lako linaleta risasi zake kila mwaka, basi.

.270 Winchester ya mwaka 1925 ni nzuri sana kwa anayependelea mbuga kuliko vichaka: greni 130 kwa swala, greni 150 kwa wakubwa. Ile ya zamani ya Mauser, 7x57 ya mwaka 1892, ni risasi ya upole yenye kichwa kirefu kinachopenya vizuri kuliko idadi ya jouli zake inavyoonyesha. Ukiipata bunduki yake ikiwa nzima na risasi zinapatikana, usiidharau kwa sababu ya umri. .243 Winchester inamfaa mtu mwenye mwili mdogo au anayeogopa teke. Kichwa chake cha greni 100 kinamuua swala pala na pongo bila tatizo hadi mita 200, lakini kwa tandala mkubwa dume mimi sikishauri, kwani akikaa vibaya kidogo tu utamfuata hadi giza liingie.

Zipo pia .303 za zamani zilizobaki mikononi mwa watu tangu enzi za Mwingereza. Hadi mita 150 bunduki hiyo bado ni ya kazi, kichwa cha greni 180 kikienda kwa mita 750 hivi kwa sekunde. Shida yake ni risasi. Zile za kijeshi zenye koti zima, yaani kichwa kilichofunikwa chuma hadi nchani, hazifai kuwindia, nitaeleza kwa nini. Tena fataki (kiwashio cha baruti) za nyingi kati ya hizo za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta hayaiondoi. Huoshwa kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, mtutu ukaushwe, ndipo upakwe mafuta. Ukiacha hadi kesho, kutu imeshaanza.

Sasa hiyo magnum. .300 Winchester Magnum inakisukuma kichwa cha greni 180 kwa mita 900 kwa sekunde. Weka bunduki hiyo na ile .308 zote zigonge katikati kwa mita 100, kisha piga kwa mita 200. .308 itashuka sentimita 13 hivi, magnum 11. Upana wa kidole! Faida ya magnum huanza kuonekana baada ya mita 300, umbali ambao katika kanda hii ni nadra kuupata na ni nadra zaidi kuwa na sababu ya kufyatua. Gharama yake inaanza mita sifuri. Bunduki ya kilo tatu na nusu ya .30-06 inarudisha begani nguvu ya jouli 27 hivi, ya magnum hiyo inakaribia 35. Mtu akipiga risasi 5 za magnum kwenye meza ya shabaha, ya 6 anafumba macho kabla ya kufyatua. Hatajua kwamba amefumba. Ataona tu risasi zinatawanyika, atailaumu darubini, ataipeleka kwa fundi, na fundi atakifungua kitu ambacho hakikuharibika.

Kuna njia rahisi ya kujipima. Rafiki akupakilie bunduki bila wewe kuona, mara risasi nzima, mara ganda tupu. Unapofyatua ganda tupu, mtutu ukiinama au bega likisukuma mbele, hilo ndilo tatizo lako, na dawa yake ni risasi yenye teke dogo pamoja na mazoezi. Watu wazima wengi hukataa kipimo hiki.

Mwenye .375 H&H Magnum aliyoinunua kwa ajili ya nyati ana hali tofauti. Risasi hiyo ya mwaka 1912 ni kubwa mno kwa swala, lakini kichwa chake cha greni 300 chenye ncha laini kinakwenda polepole, mita 770 kwa sekunde, na mara nyingi kinaharibu nyama kidogo kuliko cha .300 kinachofika kwa kasi kubwa na kulipasua bega zima likawa damu tupu. Kama tayari unayo, itumie. Kuinunua kwa ajili ya swala ni kujitesa.

Nimesema mengi juu ya majina ya risasi, lakini kinachomuua mnyama ni kichwa, na hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na bunduki sahihi. Kichwa chenye koti zima, kile kigumu cha kijeshi au cha tembo, kinapita kwa swala kama mshale na kuacha tundu dogo. Mnyama anakimbia mita 500, anafia kichakani, fisi anapata chakula. Upande wa pili, kichwa chepesi chenye ncha laini sana kikigonga mfupa wa bega kwa mita 50, kasi ikiwa bado kubwa, kinasambaratika juu juu na hakifiki kwenye mapafu. Kinachotakiwa ni kichwa kinachofunguka kama uyoga hadi karibu mara mbili ya kipenyo chake huku kikibaki na sehemu kubwa ya uzito wake. Kwa swala, kichwa cha kawaida chenye kiini laini na ncha wazi, cha uzito wa kati wa kaliba (saizi ya risasi) hiyo, kinatosha na ndicho cha bei nafuu. Kwa kongoni na tandala mkubwa, nunua kile ambacho kiini kimeunganishwa na koti lake ili visiachane, au kile cha shaba tupu. Cha shaba tupu kinahitaji kasi ili kifunguke, kwa hiyo chukua chepesi hatua moja: greni 150 au 165 badala ya 180 kwa .30-06.

Na jambo la vichaka. Ipo imani kwamba risasi nzito na ya polepole inakata matawi na kuendelea na safari yake. Si kweli. Kichwa chochote, hata cha .375, kikigusa kijiti hubadili njia, na kadiri kijiti kinavyokuwa mbali na mnyama ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Kichakani tafuta uwazi, usipouona, usifyatue.

Mhariri, hapa naligusa gazeti lenu kidogo, na mengine pia. Mnaandika "rifle 375" au "bunduki ya 300" kana kwamba hilo ni jina kamili. Zipo .300 Winchester Magnum, .300 Holland & Holland, .300 Weatherby na .300 Savage, na hakuna hata mbili kati ya hizo zinazobadilishana risasi. Zipo .375 H&H na .375 Ruger, nazo hazibadilishani. Mazoea haya ya kufupisha yanaingia kwenye stakabadhi na kwenye maombi ya leseni. Leseni ya silaha hutaja bunduki moja kwa kaliba na namba yake, na risasi unazouziwa hufuata maandishi hayo. Aliyeandikiwa "300" tu atajikuta dukani akibishana, au mbaya zaidi, akiuziwa risasi isiyo ya bunduki yake. Risasi ya .308 huingia katika chumba cha .30-06 na inaweza kulipuka humo; ganda linapasuka na gesi inarudi usoni kwa mpigaji. Jina sahihi ni lile lililogongwa kwenye chuma cha mtutu. Linakiliwe lote, nukta na herufi, kabla fomu haijatoka mezani.

Sababu hiyo hiyo ya leseni ndiyo inayonifanya nisisitize uchaguzi wa mwanzo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kubadili kaliba ni kuanza upya: maombi, uchunguzi, vikao, kusubiri. Huwezi kuijaribu magnum mwaka mmoja kisha ukairudisha.

Kuhusu bunduki yenyewe, ya bolti, ile inayokokwa kwa mkono kwa kila risasi, ndiyo ninayoisema. Haina vitu vingi vya kuharibika kwa vumbi, unaifungua kwa mkono na kuona kila kitu, na silaha zinazojipakia zenyewe hazina nafasi katika uwindaji wa halali. Uzito ukiwa kilo 3.5 hadi 4 pamoja na darubini ni sawa. Nyepesi zaidi ya hapo inapiga teke kali na inatikisika mkononi baada ya kutembea. Mtutu wa sentimita 55 hadi 60 unatosha. Kitako kipime hivi: kunja mkono, weka kitako kwenye kiwiko kwa ndani, kidole cha shahada kikifika kwenye kifyatulio bila kunyooka sana wala kujikunja, kimekukaa. Kisha fumba macho, inua bunduki begani, fungua. Jicho lako lisipokuwa katikati ya darubini, kitako si chako au darubini imekaa juu mno. Kifyatulio kiachie kwa uzito wa kilo moja na nusu hivi, bila kuburuta.

Bunduki iliyokwisha kutumika nayo inafaa, ila iangalie kwa mpangilio. Toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga, tazama kutoka pande zote mbili: mistari ya ndani iwe mikali, kusiwe na vishimo vya kutu, na kusiwe na duara jeusi lililojitokeza mahali pamoja, kwani hilo ni dalili ya mtutu uliovimba. Mdomo wa mtutu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Chubuko dogo pale hupeleka risasi pembeni, na bunduki zilizosafishwa miaka mingi kwa fimbo ya chuma kutokea mbele huwa zimelika hapo. Namba ya bolti ilingane na ya bunduki. Tazama mbao nyuma ya bolti kama zina ufa. Pitisha noti chini ya mtutu, kati ya chuma na mbao, kuanzia mbele kurudi nyuma. Ikikwama katikati ya njia, mbao zinagusa mtutu. Kwa Dodoma jambo hili si dogo. Mbao zilizokaa pwani zikija kwenye ukavu wetu wa Agosti husinyaa na kupinda, skrubu zinazoshikilia chuma hulegea, na bunduki iliyokuwa inapiga vizuri Tanga inapiga ovyo Kongwa. Kaza skrubu hizo kwanza, ndipo uilaumu bunduki.

Darubini ya kukuza mara 4 isiyobadilika inatosha kwa kila nilichokitaja. Inayobadilika kutoka 3 hadi 9 ni sawa pia, mradi unapotembea iwe kwenye 3. Mnyama akitokea mita 30 nawe uko kwenye 9, utaona manyoya matupu. Kama fedha ni za kugawa, ni afadhali bunduki ya kawaida na pete za darubini zilizo imara kuliko bunduki ya gharama na pete za bati. Jicho likae sentimita 8 hadi 10 nyuma ya kioo. Karibu zaidi ya hapo, teke litakuchana nyusi.

Kurekebisha shabaha ndiko kazi ilipo. Ifanyike uwanja wa shabaha au mahali palipoidhinishwa, mifuko ya mchanga chini ya mbao za mbele na chini ya kitako. Kamwe usiulaze mtutu wenyewe juu ya kitu kigumu, maana unaruka na kupiga juu. Kwanza kaza skrubu zote za pete za darubini na kikalio chake. Toa bolti, lenga kwa kuchungulia ndani ya mtutu kwenye shabaha ya mita 25, kisha bila kuisogeza bunduki sogeza msalaba wa darubini ufike pale pale. Piga risasi moja kwa mita 25, na mbili zaidi, chukua katikati ya matundu matatu. Darubini nyingi husogea milimita 7 hivi kwa kila "tik" ya kitufe cha kurekebishia kwa mita 100, kwa hiyo kwa mita 25 ni robo yake, chini kidogo ya milimita 2. Ukipiga sentimita 5 chini, unahitaji tik 28, si 7. Kosa hili la hesabu linamaliza pakti nzima ya risasi za watu.

Kwa mita 25 acha risasi igonge sentimita moja chini ya katikati. Nenda mita 100. Piga tatu, polepole, mtutu upoe hadi uweze kuushika. Matundu matatu ndani ya sentimita 5 ni bunduki nzuri ya kuwindia. Usihangaike kutafuta sentimita 2. Rekebisha hadi yakae sentimita 3 juu ya katikati. Hapo bunduki yako ya .308 itagonga katikati kwa mita 150 hivi, na kwa mita 200 itakuwa sentimita 7 au 8 chini. Video za Marekani zitakwambia rekebisha igonge katikati kwa mita 200. Ukiweka 200, kwa mita 100 risasi iko sentimita 6 juu, na moyo na mapafu ya swala pala yamo katika duara la sentimita 15 tu, yaani 7 juu na 7 chini ya ulipolenga. Umeshakula karibu nafasi yote hiyo kwenye umbali ambao ndio unapiga mara nyingi, mkono wako bado haujatetemeka. Kwa tandala mkubwa, ambaye duara lake ni kama sentimita 25, haina neno.

Ukimaliza mezani, ondoka mezani. Pori halina meza. Piga ukiwa umeegemea fito tatu zilizofungwa juu, ukiwa umepiga goti, ukiwa umekaa. Umbali ambao unaweza kuweka risasi zote ndani ya sahani ya chai ukiwa kwenye fito ndio umbali wako wa mwisho kwa swala, hata kama bunduki inaweza zaidi. Kwa wengi ni mita 120.

Upepo wa kuanzia Agosti hadi Oktoba usipuuzwe. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma ubavuni unaisogeza risasi ya .308 sentimita 9 hadi 12 kwa mita 200. Bahati nzuri, anayemnyatia mnyama akiukabili upepo ili asinuswe huwa upepo hauidhuru shabaha yake. Anayekata kona dakika ya mwisho ndiye anayekosa. Urefu wa Dodoma kutoka usawa wa bahari, mita 1,100 na ushei, unapunguza mshuko kidogo mno kuweza kukusumbua katika umbali huu.

Mengine yanayoharibu ni madogo madogo. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser saa saba mchana huchemka. Baruti ya moto huongeza shinikizo, risasi inapanda juu na bolti inakuwa ngumu kufunguka. Ziweke kivulini ndani ya kitambaa. Mafuta mengi kwenye bolti hukusanya vumbi la barabara ya Manyoni na kuwa tope. Pangusa hadi ibaki unyevu wa kidole. Mafuta ndani ya mtutu huipeleka risasi ya kwanza pengine kabisa, na risasi ya kwanza ndiyo pekee yenye maana porini, kwa hiyo pitisha kitambaa kikavu asubuhi kabla ya kutoka.

Mahali pa kupiga: mnyama akiwa ubavu, panda na mstari wa nyuma wa mguu wa mbele hadi theluthi ya mwili kutoka chini. Moyo wa swala uko chini na mbele kuliko wengi wanavyolenga. Wanaolenga katikati ya mwili wanapiga tumbo. Akiwa ameelekeza nyuma kidogo, lenga risasi itokee kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili. Akikupa mgongo, subiri ageuke. Baada ya kupiga, pakia tena papo hapo, weka alama pale aliposimama, kaa dakika 15. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Damu nzito nyeusi ni ini, mpe nusu saa au zaidi. Ukiona majimaji ya kijani, ni tumbo; ukimkurupusha mapema atakwenda kilomita nzima, ingawa kwa joto letu kusubiri sana nako kunaozesha nyama, na hilo ndilo linalofanya pigo la tumbo liwe hasara kila upande.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inajulikana na sitairudia yote: leseni ya silaha si leseni ya kuwinda, hupigi ukiwa ndani ya gari, hupigi usiku.

Mwisho ni hesabu ya manunuzi. Fedha zilizobaki kwa kuacha magnum zinunue risasi 60 za aina moja, kichwa kimoja, na namba moja ya toleo iliyopigwa chapa kwenye boksi, ikiwa leseni yako inakuruhusu kiasi hicho kwa mara moja. Kama hairuhusu, gawa kwa awamu lakini mwombe muuzaji akutunzie toleo lile lile. Ishirini za kurekebisha shabaha, ishirini za mazoezi ya fito na goti, ishirini za msimu. Muuzaji akikwambia mwezi wa saba kwamba aina yako imeisha ila ipo nyingine ya uzito ule ule kutoka kiwanda kingine, rudi uwanja wa shabaha na risasi tatu za hiyo mpya kabla hujaingia nayo porini, kwani inaweza kugonga sentimita 8 mbali na ile ya zamani bila wewe kugusa hata skrubu moja.

Msomaji wenu,
Makole, Dodoma